Picha za Kasumbalesa: ni nani anapanga bei?

Ukiweka picha ya foleni ya malori ya shaba ya Kasumbalesa kwenye duka la picha la intaneti, gazeti la Ulaya linaweza kuinunua. Wewe utapata senti kadhaa. Na siku duka lenyewe linauzwa, hakuna atakayekuuliza.

Mwaka wa 2006 Getty Images ilinunua iStockphoto kwa dola milioni 50. Mwaka wa 2010 iStockphoto ikatangaza kwamba mpiga picha anayeuza pia kwingine, aliyekuwa anapata asilimia 20, anaweza kushushwa hadi 15. Januari 2025 Getty na mshindani wake Shutterstock zikatangaza mpango wa kuungana, kampuni ya dola bilioni 3,7.

Wachimbaji wa mikono wa Katanga wanajua jambo hilo: depo zikibaki chache, mwenye mizani ndiye anapanga bei. Lakini jiwe likisha kuuzwa limekwenda. Mpiga picha bado ana picha yake. Basi vijana wetu wasisaini mkataba wa kuuza mahali pamoja tu. Nasi waandishi, tunaochukua picha zao bure kwenye WhatsApp, tuanze kuwalipa.