Sproketi Haiongezi Nguvu, Buda

Wasee, leo kuna watu watanuna. Kila steji ina fundi wa mdomo anayekwambia: "Toa sproketi ya mbele ya meno 14, weka ya 16, hiyo pikipiki itaruka." Na sisi tunatoa pesa. Hata mimi nilitoa.

Najua mtasema niliacha chuo, hesabu nitatoa wapi. Hizi ni za shule ya msingi. Yangu ilikuwa na meno 14 mbele na 42 nyuma. 42 gawanya kwa 14 ni 3. Ukiweka 16 mbele, unapata 2.625. Maana yake, kwa gia ileile, gurudumu la nyuma limepoteza sehemu moja kati ya nane ya nguvu ya kuvuta. Injini ni ileile. Hakuna farasi aliyeongezwa.

"Lakini spidi imepanda!" Kwa karatasi, ndiyo. Barabarani kuna upepo. Ukitaka kwenda mara mbili ya spidi yako, unahitaji nguvu mara nane kuushinda. Injini ndogo ikichoka, gia ya mwisho inageuka pambo, unarudi ya chini yake.

Sasa njoo Buyangu. Ukitoka lami ya Kakamega–Webuye, ni udongo mwekundu kuelekea msituni, na huku mvua haibishi hodi. Siku moja nimebeba mama mmoja na gunia la mahindi, tunapanda. Gia ya kwanza, nacheza na klachi, moshi unanukia, pikipiki ikazimika. Tukarudi nyuma kinyumenyume hadi mtaroni. Mama alichubuka goti. Akaniangalia, akasema, "Kijana wangu, si ungeniambia nitembee tu?" Nauli sikuitisha. Klachi nilinunua mpya. Ile pesa ya sproketi ilizaa deni.

Wenye Vespa za zamani wanajua hii kitu. Vespa, skuta ya Italia tangu 1946, haina cheni ya kuzungusha gurudumu la nyuma. Kubadilisha uwiano wa gia mara nyingi ni kupasua injini. Kwa hivyo mwenye akili anatengeneza silinda, kabureta na ekzosi kwanza, anapima nguvu aliyopata, ndipo anachagua gia za kuibeba. Sisi kwa sababu kazi ni spana na nusu saa, tunaanzia mwisho.

Sikatai, kama unakimbia lami peke yako, bila mzigo, jino moja zaidi mbele linaweza kupumzisha injini na kuokoa mafuta. Lakini boda ni mteja, gunia na mlima. Na hiyo spidi unaitaka ya nini? Kwenye senta sheria ni 50. Kando ya msitu nyani wanavuka wakijisikia.

Chagua sproketi kwa mlima wako mbaya zaidi na mzigo wako mzito zaidi. Kama pikipiki haipandi bila kuchoma klachi, punguza jino mbele au ongeza nyuma. Utapoteza spidi kidogo, utabaki na kazi.

Na nyinyi wa video za "inachoma 120": mnarekodi kwa lami, tanki nusu, bila mteja. Rekodi moja mkipanda Buyangu na gunia, mvua ikiwa imenyesha. Niko hapa, nangoja.