Kabla ya Mtaji, Kazi

Pita Buguruni kuanzia Rozana hadi sokoni, zungumza na vijana, na kilio utakachosikia ni kimoja: mtaji. Ni kilio cha kweli. Hata hivyo, makala hii inashika upande wa pili wa jambo. Fedha ikimfikia mtu ambaye hajawahi kuifanya kazi yenyewe, mara nyingi inageuka kuwa ada ya kujifunzia, tena ada ghali, maana deni litabaki palepale hata biashara ikifa.

Mtazameni winga wa Kariakoo, yule anayewapeleka wateja kwenye mali za wenye maduka. Asubuhi anaondoka Buguruni, anashika Barabara ya Uhuru, anafika Mtaa wa Kongo hana hata boksi moja la mali. Mali yake ni kujua: nani kashusha mzigo jana, kitambaa kipi kinachuja kikifuliwa, bei ya jumla ni ipi, na cha juu, yaani nyongeza yake mwenyewe, kiasi gani mteja atakikubali bila kugeuza mgongo. Akimpeleka mteja kwenye mzigo mbovu, jina lake linachafuka mtaa mzima. Akienda vizuri miaka kadhaa, mwenye duka anaanza kumpa mali kauli: chukua, uza, niletee changu. Huo ni mkopo, na haukuombewa hati ya nyumba wala andiko la mradi. Dhamana ni miaka yake ya kazi.

Wakinga wa Makete wamejenga maduka mengi kwa njia ya namna hiyo. Kijana analetwa mjini, anafagia, anabeba mizigo, anakaa kaunta, hadi siku tajiri wake anapompa mzigo wa kuanzia. Waigbo wa Nigeria wana utaratibu unaofanana sana na huo. Utaratibu wa aina hii una uonevu wake pia, na tusiufiche: wapo vijana wanaotumikishwa miaka mingi kisha wakaachwa mikono mitupu.

Hata huko Marekani uzoefu una uzito: utafiti wa Pierre Azoulay na wenzake watatu, uliochapishwa mwaka 2020, ulionyesha kwamba waanzilishi wa kampuni zilizokua kwa kasi kubwa kabisa walikuwa na wastani wa umri wa miaka 45, na waliowahi kufanya kazi katika sekta ileile walikuwa na nafasi kubwa zaidi ya kufanikiwa.

Uzoefu peke yake nao hautoshi. Yupo seremala hodari anayeuza kabati kwa hasara kwa sababu hakuhesabu gundi, msasa, umeme na siku zake mwenyewe. Kupiga randa hakumfundishi mtu kuweka hesabu. Hapo mafunzo ya SIDO, shirika la viwanda vidogo lililoanzishwa mwaka 1973, yana kazi ya kufanya.

Sasa tuje kwenye fedha ya umma. Tangu mwaka 2018 sheria inazitaka halmashauri kutenga asilimia 10 ya mapato ya ndani kwa mikopo: 4 wanawake, 4 vijana, 2 watu wenye ulemavu. Mikopo hiyo ilisimamishwa mwaka 2023, ikarejea 2024. Tunaomba jambo moja. Kabla ya kufungua andiko la mradi, kamati ya mikopo imuulize kila mwanakikundi anayeomba: kazi hii umeifanyia wapi, kwa nani, kwa muda gani? Andiko unaweza kuandikiwa steshenari kwa malipo kidogo. Jibu la swali hilo huwezi kuandikiwa. VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi, huwapima mafundi waliojifunzia kazini na kuwapa vyeti, na vyeti hivyo vipewe uzito. Asiye na jibu asifukuzwe: atafutiwe mwenye biashara ya aina hiyo, akae naye miezi sita, apewe nauli na chakula, ndipo mkopo ufuate.

Watakaosema tunawachelewesha vijana wakumbuke kwamba mkopo wa kikundi ukipotea, wanaodaiwa ni wote, akiwamo mama ambaye genge lake la nyanya lilikuwa linakwenda vizuri kabla hajaombwa kutia sahihi.