Ruhusa Ifuate Kazi, Isifuate Cheo

Sisi tusomao somo la kompyuta twajua kuiwasha mashine, kuandika barua na kutengeneza jedwali la hesabu. Lakini nawauliza wasomaji, ni wangapi kati yetu waliokwisha kufundishwa kupanga nani aruhusiwe kufungua faili gani? Naona jambo hili tumelipuuza, na hasara yake nimeiona karibu.

Katika shule moja wilayani Handeni, ambayo sina haja ya kuitaja, kompyuta zote zilifunguliwa kwa neno la siri moja, nalo lilijulikana na kila mtu. Siku moja alama za jaribio la hisabati zilionekana zimebadilishwa. Nani alizibadilisha? Kompyuta haikuweza kusema, maana kwake watu wote walikuwa mtu mmoja. Akashukiwa mtoto wa mjomba wangu, kwa kuwa alipenda kukaa katika chumba kile. Alirudishwa nyumbani majuma mawili. Hapakuwa na awezaye kuthibitisha kosa lake, wala awezaye kumsafisha.

Wengine hudhani dawa ni neno la siri refu. Hiyo haitoshi. Mwaka 1962, katika chuo cha MIT huko Marekani, mwanafunzi aitwaye Allan Scherr aliona saa alizopewa za kutumia kompyuta ni chache. Akapeleka ombi kwa kadi iliyotobolewa matundu, kwamba faili la maneno ya siri ya watu wote lichapwe. Likachapwa! Kila mtu alikuwa na neno lake la siri, lakini faili lenyewe halikuwekewa kizuizi.

Babu yangu alikuwa karani katika shamba la mkonge karibu na Korogwe. Asema kwamba aliyehesabu matita ya majani hakuwa yeye aliyelipa mishahara, na mlipaji hakuruhusiwa kugusa daftari la hesabu ya matita. Si kwamba watu wale walikuwa wezi. Kila mmoja alipewa kile tu ambacho kazi yake ilihitaji, na ikitokea kasoro, ilijulikana ianziwe wapi kutafutwa.

Kompyuta nayo yaweza kupangwa hivyo hivyo. Katika mfumo wa Unix, uliobuniwa mwaka 1969, kila faili lina mwenyewe, kundi, na watu wengine. Kusoma ni 4, kuandika ni 2, kuendesha programu ni 1. Basi tuseme faili la alama za hisabati limepewa 640. Mwalimu wa hisabati, mwenye faili, atalisoma na kuliandika. Kundi, yaani mkuu wa shule na mwalimu wa taaluma, watalisoma tu. Sisi wengine hatutaligusa. Mwanafunzi atapewa karatasi ya alama zake mwenyewe.

Najua hapa baadhi ya wasomaji watakunja uso. Mkuu wa shule asiweze kubadilisha alama? Ndiyo, asiweze. Heshima yake haipungui kwa hilo. Tena itamwokoa siku mzazi atakapokuja na maneno. Na ruhusa zitolewe kwa kundi, ili mwalimu akihamishwa aondolewe mara moja, wala jina lake lisibaki likifungua milango.

Wala jambo hili si hiari tu. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, yawataka wanaoweka habari za watu wazilinde, na shule zimejaa habari zetu: tarehe za kuzaliwa, magonjwa, simu za wazazi.

Kujifunza kupanga hakuhitaji hata umeme. Yatosha karatasi na rula: watu upande mmoja, mafaili juu, na katika kila chumba herufi ya ruhusa, au msalaba. Naomba walimu watupe kazi hiyo muhula ujao, hata siku ambazo umeme umekatika, kisha watusahihishe kwa wino mwekundu. Klabu yetu ya kompyuta iko tayari kuanza na maktaba, ambako mafaili ni mawili tu, orodha ya vitabu na orodha ya walioviazima, na tumekwisha kubishana siku nzima kama kiranja wa maktaba aruhusiwe kufuta jina.