Usiniulize Kama Inalipa

Kila nikifungua lapi mbele ya watu, swali ni moja: "Na hiyo inakulipa?" Mjomba aliuliza Krismasi. Jirani ameuliza. Hata kinyozi wangu, mtu tunayeelewana, aliuliza mashine ikinguruma karibu na sikio langu. Nikijibu kwamba hailipi, nyuso hubadilika, ni kama nimekiri kunusa gundi.

Shuleni tulifundishwa kusema "uraibu wangu ni kusoma na kuogelea," na mwalimu akatupa alama. Hakuna aliyeuliza kuogelea kunaleta shilingi ngapi. Lakini ukifika miaka ishirini na kitu Nairobi, kila unachopenda lazima kiwe biashara. Ukipika vizuri, uza chakula. Ukicheka vizuri, fungua chaneli. Na ukipenda kompyuta, basi wewe ni mjinga usipotengeneza programu ya kuuza.

Mimi napinga.

Si ati sina njaa. Niliacha chuo mwaka wa pili, karo ilipokwama, na tangu hapo naandika makala za watu kwa malipo ya kila neno. Najua kodi ya nyumba ni nini. Tangu Ajira Digital ianzishwe 2016, vijana tumeambiwa kazi iko mtandaoni, na kweli mimi huipata huko. Sina ugomvi na kazi. Ugomvi wangu ni na wale wanaotaka hata saa nne za usiku, baada ya kazi, ziwe za kazi.

Saa hizo ni zangu na ThinkPad X230, modeli ya 2012, niliyonunua mtumba Luthuli Avenue. Betri ikinipa dakika arobaini nashukuru Mungu. Microsoft ilikomesha huduma ya bure ya kuilinda Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 inadai chipu ya TPM 2.0 na prosesa ambayo mashine ya umri huu haina. Kwa hesabu yao hii ni taka. Nikaiwekea Linux, na taka inafanya kazi hadi leo.

Hiyo Linux yenyewe ilianza vipi? Mwaka 1991 Linus Torvalds, mwanafunzi wa miaka 21 Helsinki, aliwatangazia wenzake kwamba anatengeneza mfumo wa kompyuta, na akasema wazi ni uraibu tu, hautakuwa kitu kikubwa. Leo kiini chake kimo ndani ya kila simu ya Android, pamoja na ile ya mjomba. Ila sitaki kushinda ubishi kwa njia hiyo. Nikisema "cheza, labda utakuwa Torvalds," nimerudi palepale kwa pesa. Na wanaonifariji kwamba Bill Gates pia aliacha chuo, waache. Yeye aliacha Harvard kwenda kujenga kampuni. Mimi niliacha kwa sababu jina langu halikuwa kwenye orodha ya waliolipa.

Kwa hivyo natengeneza nini? Programu ya kucheza bao. Bao la Kiswahili lina mashimo 32 na kete 64. Kila mchezaji huanza na kete kumi ubaoni na 22 mkononi, na hatua hiyo ya kwanza huitwa namua. Ugumu wake ni kwamba zamu moja inaweza kuzunguka na kuzunguka hadi kete ya mwisho iangukie shimo tupu, kwa hivyo kuifundisha mashine kuona zamu tatu mbele ni kazi ya kukesha.

Nilikwama kwenye shimo linaloitwa nyumba. Nikasoma, nikajaribu, wapi. Mtu pekee niliyejua angenieleza ni babu, Malindi. Babu aliuza ng'ombe wawili nikajiunga na chuo, na tangu niache nilikuwa sijampigia. Ningemwambia nini?

Usiku mmoja nikapiga. Sikuanza na chuo. Nilisema, "Shikamoo babu, nyumba inafanyaje?"

Akanyamaza kidogo. "Marahaba." Kisha akaeleza kwa dakika ishirini. Kwenye namua, ukiwa umekula na kete yako ya mwisho ikaingia nyumba, una hiari: ulale hapo au usafiri nazo. Nikamwambia programu yangu husafiri kila mara. Akacheka hadi akakohoa. "Basi mashine yako haijui kukaa nyumbani, mjukuu wangu."

Siku hizi nampigia kila Jumapili. Ya ng'ombe tumeshayaongea, na hayakuwa mepesi. Lakini singepiga simu kuyazungumzia hayo kwanza. Nilipiga kwa sababu ya mchezo usiolipa, kwenye mashine iliyotupwa, saa ambazo nilipaswa kuwa "najitafutia."

Anayetaka kuuza kipaji chake auze, soko liko. Ila asituambie kwamba kisichouzwa ni upuzi. Mtu ambaye kila saa yake ina bei hana hata moja ya kumpa mzee wake bure.

Mjomba, Krismasi ikifika uje na swali lingine. Niulize kama programu imemshinda babu. Bado. Wiki jana alimsomesha namba.