Usibadilishe mipangilio ndani ya kontena
Mwandishi, asante, ila pale unaposhauri mtu aingie ndani ya kontena la Docker abadilishe mipangilio, sikubaliani nawe. Ukipakua imeji mpya na kuunda kontena upya, kila ulichogusa mle kinafutika. Mipangilio iandike kwenye faili la Compose, data ikae kwenye folda ya seva yenyewe. Na wenzangu wa Tunduma, angalieni saa! Makontena mengi hufuata UTC, saa tatu nyuma yetu, na Nakonde pale ng'ambo ya mpaka wako saa moja nyuma. Natunza stakabadhi za wateja wa pande zote mbili, hivyo kila kontena naliwekea TZ=Africa/Dar_es_Salaam. Uliyeuliza kuhusu umeme kukatika: weka restart: unless-stopped, umeme ukirudi makontena yanawaka yenyewe.