Visanduku vitatu vilivyoiponza benki

AGOSTI 11, 2020, benki ya Citibank ya Marekani ilikusudia kuwalipa wakopeshaji wa kampuni ya vipodozi ya Revlon riba ya takriban dola milioni 7.8. Badala yake iliwatumia karibu dola milioni 900: riba pamoja na deni ambalo muda wake wa kulipwa ulikuwa 2023.

Ni rahisi kumlaumu mfanyakazi. Hata hivyo, ushahidi uliotolewa mahakamani jijini New York ulionyesha kwamba ili pesa za deni zisalie katika akaunti ya ndani ya benki, programu ya Flexcube ilidai visanduku vitatu vijazwe. Kimoja tu ndicho kilichotaja deni lenyewe. Majina ya vile vingine viwili hayakueleza lolote. Kikajazwa hicho kimoja. Watu watatu walikagua malipo hayo na wote wakaridhika.

Programu ilitoa onyo kwamba fedha zingetoka nje ya benki, ila haikutaja kiasi! Na kwa kuwa riba ilipaswa kutoka, onyo hilo halikumshtua yeyote. Mkenya anayetuma shilingi 200 kwa M-Pesa huonyeshwa kiasi na jina la mpokeaji kwanza.

Takriban dola milioni 500 hazikurejeshwa mwanzoni. Februari 2021 jaji aliwaruhusu waliozipokea wazihifadhi, uamuzi ambao mahakama ya rufaa iliutupilia mbali Septemba 2022.