Asilimia 15 ya Kolwezi: tuonyeshwe daftari kabla ya mvua

Ndugu wakaaji wa Kolwezi, mwezi wa sita umekwisha na nusu ya mwaka wa bajeti imepita. Kila mama anayeuza sokoni amekwisha kujihesabia: nimeingiza ngapi, nimetoa ngapi, nani ana deni langu. Mji na komine zake nazo zihesabu, lakini mbele yetu, si nyuma ya mlango uliofungwa.

Juma lililopita niliingia katika ofisi moja ya utawala kuomba hesabu ya miezi sita ya pesa ya redevansi. Nilikaa kwenye benchi saa mbili nzima. Mwishoni mkubwa mmoja akaniambia: «Wewe wa radio, hesabu ni mambo ya wataalamu. Andika tu kwamba kazi inaendelea.» Siwezi kuandika kitu ambacho sikukiona.

Kwanza tusichanganye mifuko. Kuna pesa ya kawaida: kodi za soko, za maegesho, za karatasi, pamoja na sehemu inayongojewa kutoka Kinshasa. Hiyo ndiyo inaendesha ofisi. Halafu kuna pesa yenye kazi yake maalum. Sheria ya Madini ya 2018 inagawa redevansi hivi: kwa kila dola 100, serikali kuu inapata 50, jimbo 25, mfuko wa vizazi vijavyo 10, na 15 zinakwenda kwa chombo cha utawala cha pale madini yanapochimbwa, kama vile komine au sekta. Hizo 15 ni za miundombinu ya msingi ya wakaaji: barabara, maji, shule, kituo cha afya. Hazikuwekwa kwa ajili ya misheni wala viti vya ofisi. Na kampuni inazilipa moja kwa moja kwenye akaunti ya chombo hicho. Kwa hiyo ule wimbo wa kila siku, kwamba «Kinshasa haijatuma», hapa hauna nafasi.

Kuna pia asilimia 0,3 ya mauzo ya kampuni, inayosimamiwa na chombo ambamo wajumbe wa jamii wanakaa pamoja na kampuni. Wajumbe hao nao wana deni la kutuambia.

Kwa nini napiga kelele? Kwa sababu ya kobalti. Tarehe 22 Februari 2025 serikali ilisimamisha usafirishaji wake kwenda nje kwa miezi minne. Tarehe 21 Juni ikaongeza miezi mitatu. Redevansi ya kobalti ni asilimia 10, ya shaba ni 3,5. Fanya hesabu: mzigo wa kobalti wa dola 1.000 unaleta 15 kwa komine. Mzigo wa shaba wa bei ileile unaleta 5 na kidogo. Kobalti ikilala bohari, mfuko unapungua, na bajeti iliyopigiwa kura kwa matumaini ya mwaka jana haiwezi kubaki ilivyo. Lazima kitu kikatwe.

Swali ni hili: nani anashika kalamu inayokata? Akikata misheni, hatutalia. Akikata mfereji wa mtaa au bomba la maji, watakaolipa ni watoto wanaobeba mabidoni alfajiri. Na saa inakimbia. Kazi za barabara na mifereji zinafanyika sasa, wakati wa kiangazi. Mwezi wa kumi mvua inarudi. Mfereji ambao haukuchimbwa kabla ya hapo, maji yatajichimbia mwenyewe ndani ya lupango yako.

Wala mtu asituambie kwamba kobalti ilisimamishwa mwaka 2025 na kwa hiyo hakuna kitu cha kuhesabu. Kobalti ilitoka mpaka Februari ya mwaka huo. Shaba inaendelea kutoka kila siku, malori tunayaona na vumbi lake tunalivuta.

Wanasema hesabu ni ya wataalamu. Ndugu, mama zetu wanaendesha likelemba bila diploma, na kila mmoja anajua nani amekula mwezi huu na nani anafuata. Wanasema kuuliza ni kuchochea watu. Katiba yetu, kifungu cha 24, inampa kila mtu haki ya kupata habari. Anayechochea ni yule anayeficha, maana pale habari inapokosekana, uvumi unajenga nyumba.

Tunaomba vitu vitatu tu. Karatasi moja kwa kila mfuko, yenye safu tatu: kilichopangwa, kilichoingia, kilichotoka, mji utoe yake na komine zitoe zao, asiwepo wa kumsukumia mwenzake. Karatasi hiyo ibandikwe ukutani, isomwe kwenye radio kwa Kiswahili, si kwa Kifaransa peke yake. Na orodha ya kazi zitakazokatwa ijadiliwe wazi kabla ya shule kufunguliwa mwezi wa tisa.

Washauri wa komine, tuliwachagua Desemba 2023. Bajeti ya komine inapita mikononi mwenu. Iteni kikao, mfungue mlango. Mikrofoni yangu iko tayari, na benchi nimekwisha kulizoea.

Mali bila daftari huisha bila habari.